Jaribio la Vali: Swali Tusilouliza Kuhusu Gesi Yetu

Songea haina kisima cha gesi hata kimoja, na msikilizaji ana haki ya kuuliza kwa nini mada ya vichwa vya visima iletwe hapa isipelekwe Mtwara au Kilwa. Jibu la kwanza ni mto. Ruvuma unaanzia katika milima ya Matogoro, mlangoni pa mji huu, kisha unakwenda kilomita 800 hivi hadi Bahari ya Hindi, sehemu kubwa ya safari hiyo ukiwa mpaka wetu na Msumbiji. Kwa mamilioni ya miaka maji yaliyotoka bara yameteremsha mchanga na tope hadi pwani, tabaka juu ya tabaka, na gesi inayochimbwa leo Mnazi Bay imekaa ndani ya mchanga wa delta hiyo ya kale. Wanajiolojia wanaliita bonde zima kwa jina la mto wetu, na ndilo bonde hilohilo linalolisha Coral Sul, mtambo unaoelea baharini upande wa Msumbiji, ulioanza kusafirisha gesi iliyogeuzwa kimiminika mwaka 2022. Jibu la pili ni waya. Kwa miaka mingi Songea iliwashwa kwa jenereta za dizeli. Leo mji umeunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, na ndani ya gridi hiyo mitambo ya gesi ya Kinyerezi na Ubungo imebeba mzigo mkubwa. Kisima kikifungwa kwa dharura Songo Songo, taa ya Lizaboni na mashine ya kusaga ya Mfaranyaki zimo katika hesabu hiyo.

Tangu mwaka 2010, gesi ilipoanza kugunduliwa katika kina kirefu cha bahari, taifa limejadili mambo mawili kwa nguvu zake zote: gesi ni kiasi gani, na fedha zake zinakwenda kwa nani. Takwimu ya futi za ujazo trilioni 57 imeshasemwa bungeni, kwenye redio na vijiweni hadi imezoeleka. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliingia barabarani kupinga bomba la kwenda Dar es Salaam, na damu ikamwagika. Mjadala huo ulikuwa wa haki na bado haujaisha. Lakini lipo swali la tatu ambalo halina mwenyewe: vali zinazokizuia kila kisima kisifumuke zilijaribiwa lini mara ya mwisho, aliyezijaribu ni nani, na majibu yalikuwaje? Hoja yangu leo ni hii: chuma kilichofungwa juu ya kisima hakimlindi mtu mpaka kijaribiwe na jibu lake lijulikane, kwa hiyo majibu ya majaribio hayo yanapaswa kuwa wazi kwa umma, na wanaoyafanya wanapaswa kuwa Watanzania ambao watakuwepo hata mikataba itakapokwisha.

Ili tuelewane, inatupasa kwanza kukijua kisima chenyewe. Kisima cha gesi ni tundu jembamba linalochimbwa kwa hatua. Kila hatua ikikamilika huteremshwa bomba la chuma liitwalo kesingi, kisha saruji husukumwa nyuma yake ili kuziba nafasi kati ya bomba na mwamba. Ndani ya kesingi ya mwisho huning'inizwa bomba jembamba zaidi, bomba la uzalishaji, ambalo gesi hupandia. Mabomba yote hayo, moja ndani ya jingine, hushikwa na kuzibwa juu ya ardhi katika kipande kizito cha chuma: hicho ndicho kichwa cha kisima. Juu yake husimamishwa mkusanyiko wa vali ambao mafundi huuita mti wa Krismasi. Ukianza chini kwenda juu utakuta vali kuu ya chini, vali kuu ya juu, kisha njia panda. Tawi moja huipeleka gesi kwenye bomba la kwenda mtamboni. Tawi la pili huachwa kwa ajili ya kusukuma majimaji mazito ndani endapo kisima kitahitaji kuuawa. Na kileleni ipo vali ya kupitishia vifaa vya ukaguzi. Fundi mzoefu hutumia zaidi vali ya tawi kufungua na kufunga kila siku, akiisaza vali kuu ya chini isichoke, kwa sababu hiyo ikiharibika hakuna nyingine ya juu ya ardhi iliyobaki chini yake.

Ukubwa wa nguvu inayozuiwa hapo haumo katika mazoea yetu ya kila siku. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo wa takriban angahewa moja; kwa hiyo maji yaliyo katika mwamba wa kina cha mita 2,000 hugandamiza kwa angahewa kama 200, na gesi iliyofungiwa humo, kwa kuwa ni nyepesi, hufika juu ikiwa bado na sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Tairi la gari dogo hujazwa angahewa mbili hivi. Ndiyo maana vifaa hivi hutengenezwa kwa madaraja yanayojulikana duniani kote, kuanzia paundi 2,000 kwa inchi ya mraba hadi 20,000, na kila flenji, bolti na gasketi hupigwa mhuri wa daraja lake. Gasketi hiyo ni pete ya chuma laini inayobanwa kati ya flenji mbili mpaka ijae mfereji wake, na kanuni njema haikubali irudiwe kutumika. Fundi akiirudisha pete ya zamani kwa kubana matumizi, flenji itaonekana nzima kwa macho na kuvuja usiku. Zaidi ya hapo, chini ya ardhi, ndani ya bomba la uzalishaji, hukaa vali ya usalama inayoshikiliwa wazi na mafuta ya haidroliki yanayopitia kijibomba chembamba kutoka juu. Mafuta hayo yakipoteza mgandamizo, iwe kwa moto, kwa kugongwa na meli au kwa kukatwa kwa makusudi, springi huifunga. Ubunifu huo ni wa busara kubwa: kuharibika kwenyewe ndiko kunakoleta ulinzi.

Kuna sehemu moja ya kichwa cha kisima ambayo kazi yake si kufunga. Ni choki, tundu dogo linaloamua gesi itoke kwa kasi gani, na ukubwa wake hupimwa kwa sehemu za sitini na nne za inchi. Gesi haitoki peke yake. Huja na matone ya maji na mara nyingine chembe za mchanga, na mchanga unaopita katika tundu jembamba kwa kasi kubwa hukwangua chuma. Ndiyo sababu choki hutengenezwa kwa madini magumu na kubadilishwa mara kwa mara. Vali za mti, kwa upande wake, zimeumbwa kuwa wazi kabisa au zimefungwa kabisa. Mwendeshaji mvivu anayeiacha vali nusu wazi ili ifanye kazi ya choki anaitoa sadaka: mchanga utaukwangua uso wake, na siku itakapotakiwa kufunga haitafunga. Hakuna mtu atakayeona uharibifu huo akipita nje. Rangi itang'aa, usukani utazunguka, na alama ya kibao itasema imefungwa.

Hapo ndipo jaribio linapoingia, na ningependa tulitazame kwa karibu maana hoja yote imesimama juu yake. Fundi huifunga vali. Kisha hufungua njia ya mbele yake na kuutoa mgandamizo uliopo upande wa pili mpaka geji ishuke kwenye kiwango kilichowekwa. Anafunga tena njia hiyo, anaandika saa, na anasubiri. Kama vali imeziba, sindano ya geji itatulia. Kama inavuja, sindano itaanza kupanda, na kasi ya kupanda kwake, ikipigiwa hesabu na ujazo wa nafasi iliyofungiwa, inatoa kiasi cha gesi kinachopenya. Kwa ile vali ya chini ya ardhi, utaratibu wa Taasisi ya Petroli ya Marekani unaofuatwa na nchi nyingi unataka ijaribiwe angalau kila baada ya miezi sita, na unaruhusu uvujaji usiozidi futi za ujazo 15 za gesi kwa dakika. Zingatieni kwamba vali hiyo inaruhusiwa kuvuja kidogo. Sayansi hii haidai ukamilifu. Inadai namba, tarehe, na mtu aliyesimama mbele ya geji. Kazi yote inaweza kuandikwa kwenye mstari mmoja wa daftari.

Sasa tutazame kinachotokea mstari huo usipoandikwa, au ukiandikwa na usisomwe. Tarehe 20 Aprili 2010, katika Ghuba ya Meksiko, kisima cha Macondo kilifumuka chini ya mtambo wa Deepwater Horizon. Watu 11 walikufa, na mafuta yalimwagika kwa siku 87 mpaka kifuniko maalumu kilipofungwa tarehe 15 Julai. Serikali ya Marekani ilikadiria mapipa milioni 4.9. Kwenye sakafu ya bahari palikuwa na kizuia mfumuko, mtambo mkubwa wenye visu vya kukata bomba la kuchimbia na kuziba kisima. Wachunguzi walipouinua walikuta kwamba bomba lilikuwa limepinda na kuhama katikati, visu vikashindwa kulikata lote, na kwamba mfumo wake wa dharura ulikuwa na betri iliyochoka na waya uliounganishwa vibaya. Lakini kabla ya visu kuna jambo lililo zito zaidi. Saa chache kabla ya mlipuko lilifanyika jaribio la kuona kama saruji iliyo chini imeziba. Geji ya bomba la kuchimbia ilionyesha paundi 1,400 mahali ilipotakiwa kuonyesha sifuri. Kisima kilikuwa kinasema waziwazi kwamba kinavuja. Waliokuwepo wakatafuta maelezo ya kuiondoa namba hiyo, wakayapata, wakaendelea na kazi. Siku hiyohiyo wakubwa wa kampuni walikuwa mtamboni kuwapongeza wafanyakazi kwa miaka saba bila ajali ya kumfanya mtu akose kazi.

Mfano wa pili unatuhusu kwa ukaribu zaidi, kwa kuwa ni wa gesi na wa nchi kavu. Aliso Canyon, karibu na Los Angeles, ni hifadhi ya gesi iliyo ndani ya mwamba uliokuwa zamani na mafuta. Kisima kimoja cha mwaka 1953 kilikuwa na vali ya usalama chini ya ardhi. Vali hiyo iliharibika, ikatolewa mwaka 1979, na haikurudishwa nyingine. Kwa miaka 36 kisima kiliendelea kufanya kazi, na kichwa chake kilikuwa kizima. Tarehe 23 Oktoba 2015 kesingi iliyoliwa na kutu ikapasuka chini ya ardhi. Hapakuwa na cha kuifunga. Mafundi walimimina majimaji mazito mara nyingi bila mafanikio, na kisima kikazibwa Februari 2016 baada ya kuchimbwa kisima kingine cha kukikuta kutoka chini. Takriban tani 100,000 za methani ziliingia hewani, na maelfu ya familia zilihama nyumba zao kwa miezi. Wakazi wa mtaa ule hawakuwa wamewahi kuelezwa kwamba vali ya kisima kilichokuwa juu ya nyumba zao ilitolewa na haikurudishwa nyingine. Wangelijua mwaka 1980, je, wangekaa kimya kwa miaka 35? Mimi nasema hapana, na ndipo ninapoona thamani ya daftari la wazi.

Turudi nyumbani. Kisima cha kwanza kilichobaini gesi Songo Songo kilichimbwa na AGIP ya Italia mwaka 1974. Vingine vilifuata katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 chini ya Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC. Gesi ilianza kuuzwa mwaka 2004 tu, na visima vilivyoanza kuitoa ni vilevile vya zamani. Mnazi Bay ina historia inayofanana: AGIP iliipata gesi mwaka 1982, na kisima hicho kilifunguliwa upya zaidi ya miaka 20 baadaye ili kuiwashia Mtwara umeme. Ni jambo la kuheshimiwa kwamba chuma kilichofungwa wakati wa Mwalimu Nyerere kiliweza kutumika katika karne nyingine. Lakini chuma hakisamehe. Katika muongo wa 2010 baadhi ya visima vya Songo Songo vilionekana kuwa na mabomba ya uzalishaji yaliyoliwa na kutu, vikasimamishwa, na mwaka 2015 ikabidi mtambo wa kuchimbia uletwe baharini kuvikarabati. Kwa miaka hiyo nchi ilikuwa na uhaba wa umeme huku sehemu ya uwezo wa visima vyake imefungwa kwa sababu ya kutu. Silileti jambo hili kama lawama. Waliovisimamisha walifanya lililo sahihi, maana waliona dalili na wakazifuata. Nalileta kama ushahidi kwamba tatizo hili si la Marekani peke yake, na kwamba kisima kinaweza kuzeeka upande ambao jicho halifiki.

Nchi ambayo imelichukulia suala hili kwa uzito mkubwa ni Norway. Mwaka 2006 mamlaka yake ya usalama wa petroli ilichunguza visima 406 vya makampuni mbalimbali na kukuta kwamba asilimia 18 vilikuwa na kasoro au mashaka katika vizuizi vyake. Hao ni Wanorway, wenye fedha, vyuo na miongo ya uzoefu katika Bahari ya Kaskazini. Na bado karibu kisima kimoja kati ya vitano kilikuwa na dosari. Walichokifanya baadaye ndicho ninachotaka tukiige. Hawakuificha namba hiyo. Hali ya visima ikagawanywa kwa rangi, kijani, njano, chungwa na nyekundu, na matokeo yakaingizwa katika taarifa ya mwaka ya kiwango cha hatari ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma. Kampuni za mafuta hazikukimbia Norway kwa sababu ya rangi hizo. Mojawapo, Equinor, ndiyo inayoshikilia Kitalu namba 2 katika bahari yetu, na imeshazoea kwao kufanya kazi chini ya macho ya umma.

Sisi tumeshapiga hatua upande wa fedha. Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 iliunda PURA, mamlaka inayodhibiti utafutaji na uzalishaji, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria za usimamizi wa mapato na za uwazi katika sekta ya uziduaji. Kwa sheria hizo mwananchi anaweza kudai kujua kampuni imelipa nini na serikali imepokea nini. Ni ushindi wa kweli. Ila uwazi huo umeegemea shilingi. Mtoto wa kisiwani Songo Songo, ambaye shule yake iko kisiwa kimoja na visima, anaweza siku moja kusoma malipo ya huduma yaliyokwenda halmashauri ya Kilwa. Hali ya vali iliyo jirani yake haimo katika taarifa hiyo.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na nyingine zina uzito. La kwanza ni kwamba haya ni mambo ya kitaalamu na mwananchi hatayaelewa. Hili halinisumbui sana. Mkulima wa Namtumbo anayejua kusoma mizani ya kahawa au tumbaku anaweza kuelewa kwamba sindano imetulia au imepanda. La pili ni siri ya biashara. Lakini jaribio la vali halisemi akiba iliyomo mwambani ni kiasi gani wala gesi inauzwa bei gani. Linasema kama mlango unaziba. Hakuna mshindani atakayefaidika kwa kujua kwamba mlango wa mwenzake unaziba. La tatu, kwamba kuchapisha kutazua hofu, linahitaji jibu la taratibu zaidi. Ni kweli kwamba mtu akisoma neno uvujaji bila maelezo atashtuka. Basi kichapishwe na kiwango kinachoruhusiwa, kando kwa kando. Uzoefu wa mwaka 2013 ulituonyesha kwamba pale taarifa inapochelewa, uvumi hauchelewi. Na mtu aliyezoea kuona namba kila nusu mwaka ndiye atakayeamini mamlaka siku itakapomwambia aondoke haraka au asihofu.

Pingamizi la nne linatolewa na watu wa ndani wa tasnia, nami naliheshimu kuliko yote. Wanasema: ukichapisha majibu, utamfanya mwendeshaji ajaribu kwa upole ili afaulu. Atachagua geji nzito isiyoona mabadiliko madogo, atasubiri dakika tano badala ya kumi na tano, ataipaka vali grisi asubuhi ya jaribio, na daftari litapendeza kuliko kisima. Hofu hiyo ina msingi. Kila mtihani unaotangazwa huzaa wanaousomea mtihani badala ya kazi. Lakini tukiifuata hadi mwisho, haituongozi kwenye kuficha. Inatuongoza kwenye kudai zaidi: ichapishwe chati yenyewe ya mgandamizo tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho pamoja na neno amefaulu, itajwe tarehe ambayo geji ilihakikiwa, na awepo mkaguzi wa PURA wakati jaribio linafanyika. Macondo hapakukosekana jaribio. Palikosekana jicho la pili lisilo na haraka, la mtu ambaye mshahara wake haukutegemea kazi kumalizika usiku ule. Chati iliyo wazi humpa kila mwanafunzi wa uhandisi wa petroli katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Dodoma nafasi ya kuwa jicho hilo, na kwa gharama isiyozidi karatasi.

Lipo na la tano: zaidi ya miaka 20 tangu Songo Songo ianze kuzalisha imepita bila maafa ya kufumuka kwa kisima, kwa hiyo mfumo uliopo unatosha. Namshukuru Mungu kwa miaka hiyo, na nawashukuru mafundi ambao hatuwajui kwa majina. Lakini wakubwa waliopanda Deepwater Horizon na pongezi zao nao walikuwa na hesabu ya miaka. Vali ambayo haijaitwa kufunga haijatoa ushahidi wowote kwamba itafunga, na kadiri miaka inavyopita kutu na mchanga vinaendelea na kazi yao. Kisima kilichosimama kinataka uangalizi pia. Katika jukwaa la Elgin, Bahari ya Kaskazini, gesi ilianza kuvuja tarehe 25 Machi 2012 kwenye kisima kilichokuwa kimeshaondolewa katika uzalishaji. Watu 238 walihamishwa, na ilichukua hadi katikati ya Mei kukizima. Gesi hiyo haikupanda katika bomba la uzalishaji. Ilitoka kwenye mwamba wa juu zaidi na kupita nafasi zilizo kati ya bomba na bomba, ndiyo maana geji ndogo za pembeni ya kichwa cha kisima, zile zinazopima nafasi hizo, ni za kusomwa kila siku kama zile kubwa.

Kutoka hapo nakuja kwa watu. Leseni ya uzalishaji ya Songo Songo ilitolewa mwaka 2001 kwa miaka 25. Mkataba wa kampuni ya Songas wa kuuza umeme, uliodumu miaka 20, ulifikia mwisho Julai 2024. Mikataba ina tarehe, kisima hakina. Hata siku gesi itakapokwisha, tundu litabaki na saruji yake, na kuna mtu atatakiwa kujua lilivyozibwa. Mtu huyo hawezi kuwa mgeni aliyekwisha panda ndege. Kanuni za mwaka 2017 kuhusu ushiriki wa Watanzania katika petroli zinadai ajira na mafunzo kwa wenyeji, lakini ajira hizo zikihesabiwa kwa walinzi, wapishi na madereva pekee, tutakuwa tumelinda geti la kiwanja na kuacha vali mikononi mwa wengine. Fundi wa kichwa cha kisima si lazima awe na shahada. Anatakiwa ajue kukaza bolti za flenji kwa zamu ya msalaba na kwa nguvu iliyopimwa, ajue grisi ipi inaingia vali ipi, aweze kusoma geji na kuikatalia pale inapomdanganya, na awe na ujasiri wa kusimamisha kazi mbele ya bosi. Matatu ya kwanza yanafundishika katika karakana ya VETA Songea kwa kijana aliyekwisha jifunza ufundi mitambo. Kijana anayekarabati mitambo ya makaa ya mawe kule Ngaka yuko karibu na ujuzi huo kuliko tunavyodhani. Hilo la nne hulelewa na sheria inayomlinda aliyesema hapana.

Na muda si mrefu. Uganda imechimba visima kwa mamia kando ya Ziwa Albert kwa ajili ya miradi ya Tilenga na Kingfisher, na mafuta yake yamewekewa bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga. Mradi wa gesi iliyogeuzwa kimiminika wa Lindi ukianza, vichwa vya visima vyetu vipya vitakaa kwenye sakafu ya bahari, vingine chini ya maji ya kina kinachozidi mita 2,000, mahali ambapo mkono wa fundi haufiki na kila kitu hufanywa kwa roboti na nyaya. Huko jaribio litasomwa kwenye kioo cha kompyuta ndani ya chumba ambacho raia hataingia. Desturi ya uwazi inajengwa kwa urahisi kwenye visima vichache vya nchi kavu na vya maji mafupi tulivyonavyo leo. Tukiingia kina kirefu bila desturi hiyo, itakuwa vigumu kuidai.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili. Kwa PURA: visima vinavyozalisha Songo Songo na Mnazi Bay ni vichache kiasi cha kuenea kwenye ukurasa mmoja. Chapisheni ukurasa huo kila baada ya miezi sita, kwa Kiswahili, ukitaja kila kisima, tarehe ya jaribio la kila vali, kiasi kilichovuja na kile kinachoruhusiwa, na kama vali ilishindwa, siku ilipotengenezwa. Chati ziwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuziomba na kupewa. Kwa ninyi wa Songea: wabunge wenu wanakaa katika Bunge lilelile linalopitisha bajeti ya Wizara ya Nishati. Waulizeni, kabla ya bajeti ijayo, ukurasa huo utatoka lini.